Kutoka Uzi wa Hariri hadi Skrubu: Tiba ya Pingili za Juu za Shingo

Pingili mbili za juu kabisa za shingo, yaani atlasi inayobeba fuvu na aksisi iliyo chini yake, zimeumbwa tofauti na nyingine zote, kwa kuwa aksisi ina kijimfupa kiitwacho jino kinachochomoza na kuingia ndani ya pete ya atlasi, ambamo hushikiliwa na kano imara ili kichwa kigeuke bila kuuminya ugwemgongo, yaani fungu la neva linaloshuka kutoka kwenye ubongo. Mwaka 1968 daktari Steel alieleza kuwa jino huchukua theluthi moja ya nafasi ya pete hiyo, ugwemgongo theluthi nyingine, na theluthi inayobaki ni ya akiba. Kano ikikatika au jino likivunjika, uhai wa mgonjwa hutegemea akiba hiyo.

Kabla ya eksirei, iliyogunduliwa na Röntgen mwaka 1895, kasoro hizi zilijulikana hasa baada ya kifo, kama ilivyokuwa kwa mgonjwa aliyeelezwa na Charles Bell mwaka 1830, ambaye kidonda cha koo kilikuwa kimeila kano hiyo. Hata eksirei ilihitaji ujanja, kwani taya huliziba jino, hivyo mgonjwa alitakiwa kufumbua mdomo wazi ili mwale upite katikati ya meno.

Mwaka 1910, Mixter na Osgood wa Boston waliifunga atlasi kwa aksisi kwa uzi mnene wa hariri, na katika uzi huo tayari lilikuwamo wazo lote lililofuata, kwamba mifupa iliyolegea ishikamanishwe. Gallie wa Toronto alitumia waya na kipande cha mfupa mwaka 1939, lakini waya haukuzuia vyema shingo kuzunguka, na wagonjwa wengi walilazimika kuvaa vizuizi vya shingo kwa muda mrefu. Magerl wa Uswisi akapitisha skrubu katika viungo vyenyewe, njia thabiti ila yenye hatari ya kutoboa ateri inayopanda kwenda kwenye ubongo.

Suluhisho lilitoka Mumbai, ambako Goel aliweka skrubu katika kila pingili peke yake na kuziunganisha kwa bamba. Mara nyingi sifa hupewa Harms wa Ujerumani, aliyetumia fito badala ya bamba, lakini haki inataka jina la Goel litangulie, kwa kuwa makala yake ilichapishwa mwaka 1994, na ile ya Harms mwaka 2001.