Trombektomia: Kutoa Bonge, Kuzibua Mshipa, Kupona

Trombektomia ni kuondoa bonge la damu iliyoganda ndani ya mshipa. Neno limeundwa kwa Kigiriki: thrombos, bonge la damu, na ektome, kukata na kutoa. Kwenye kiharusi kinachotokana na kuziba kwa ateri ya ubongo, daktari hupitisha mrija mwembamba, yaani katheta, kutoka ateri ya paja au ya mkono hadi kichwani, akalinasa bonge kwa kiwavu cha waya au akalifyonza. Kwa Kiswahili tendo hilo ni uondoaji wa bonge la damu. Uzibuaji wa mshipa ni matokeo yake, na kupona ni jambo jingine tena: mshipa huweza kuzibuka, mgonjwa akabaki na ulemavu.

Kupona hupimwa baada ya siku 90 kwa kipimo cha Rankin, chenye madaraja kuanzia 0, asiye na dalili, hadi 6, aliyefariki. Wa daraja la 2 hujitegemea. Wa daraja la 3 hutembea mwenyewe lakini huhitaji msaada katika baadhi ya shughuli. Uchambuzi wa majaribio matano uliochapishwa mwaka 2016, wenye wagonjwa 1,287, ulionyesha kuwa 46% ya waliotolewa bonge walifikia daraja la 0 hadi 2, dhidi ya 26.5% ya waliopata tiba ya kawaida pekee.

Jambo la kwanza linaloamua kupona ni muda, kwani ubongo uliokosa damu hufa kadiri dakika zinavyopita. Kasi hiyo hutegemea mishipa ya pembeni inayopeleka damu kwa kuzunguka kizuizi. Mishipa hiyo ikiwa imara, sehemu kubwa ya ubongo hubaki hai kwa muda. Ndiyo maana, tangu majaribio ya mwaka 2018, baadhi ya wagonjwa waliochaguliwa kwa picha za ubongo hutibiwa hata hadi saa 24 tangu kiharusi kianze.

Umri mkubwa, kiharusi kikali, ulemavu wa awali na sukari nyingi katika damu hupunguza matumaini. Mshipa ukizibuka wote kwa jaribio la kwanza, matumaini huongezeka. Damu ikivuja ndani ya ubongo, hupungua.

Baada ya bonge kutolewa huja uuguzi. Shinikizo la damu hufuatiliwa, na mgonjwa hupimwa uwezo wa kumeza kabla ya kupewa maji au uji, kwani kupaliwa huweza kuleta nimonia. Mazoezi ya viungo na ya usemi huendelea kwa miezi.