Mfungaji na Mwalimu

Tarehe 19 Julai 1977 nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, nimekaa juu ya gunia la mkaa mbele ya duka la mjomba wangu hapa Lugoba. Duka lilikuwa kando ya barabara iendayo Segera na Tanga, na redio ya mjomba ilikuwa na sauti kuliko redio zote za jirani. Jioni ile Radio Tanzania ilitangaza mpira kutoka Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam: Simba na Yanga. Mjomba alikuwa Yanga damu. Mimi nilikuwa Simba, lakini kwa kuwa nilikula na kulala kwake, ushabiki wangu niliuweka moyoni.

Siku ile ulinishinda kuuficha. Simba 6, Yanga 0. Abdallah Kibadeni, ambaye watu walimwita "King", alifunga mabao matatu peke yake. Jumanne Hassan "Masimenti" alifunga mawili, na jingine beki wa Yanga, Selemani Sanga, alijifunga mwenyewe. Mjomba aliizima redio, akanitazama, akasema, "Wewe mtoto, leo chakula utakitafuta kwa huyo Kibadeni wako." Mkewe alinipitishia sahani kwa mlango wa uani.

Historia haina budi kusemwa yote. Yanga ya mwaka 1977 ilikuwa imejeruhiwa na mgogoro wake yenyewe; wachezaji wengi walikuwa wameondoka, wakaanzisha Pan African. Tena Simba walikuwa na deni la kulipa. Tarehe 1 Juni 1968, wakati klabu yao ingali ikiitwa Sunderland, Yanga waliwafunga 5-0. Pamoja na hayo, mabao matatu ya mtu mmoja katika mechi ya watani wa jadi si jambo dogo, na jina la Kibadeni limebaki pale hadi leo.

Wala hakuanza kung'ara siku hiyo. Alikuwamo katika Simba ya mwaka 1974, iliyofika nusu fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Afrika na kutolewa na Mehalla ya Misri kwa mikwaju ya penalti.

Wachezaji wengi maarufu wa zama zile walipotundika viatu walibaki na hadithi tu. Kibadeni alichagua kazi ngumu zaidi, akawa mwalimu wa mpira. Nasema ngumu zaidi kwa sababu mfungaji hujibu kwa mguu wake mwenyewe, lakini mwalimu hujibiwa na miguu ya watu kumi na mmoja, naye amesimama nje ya mstari.

Mwaka 1993 aliifikisha Simba fainali ya Kombe la CAF. Kule Abidjan walitoka 0-0 na Stella. Mechi ya marudiano ilikuwa Jumamosi, tarehe 27 Novemba. Wakati huo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nilidandia lori la mkaa alfajiri, nikafika Dar es Salaam na vumbi hadi masikioni. Uwanja ulijaa, na Rais Ali Hassan Mwinyi alikuwapo. Sote tuliamini kombe limekwisha kuwa letu. Boli Zozo alitufunga mara mbili, ikawa 0-2. Njiani kurudi hakuna aliyesema neno mpaka tukafika Chalinze.

Miaka mitano baadaye nami nikawa mwalimu wa timu ya kijiji. Nilijiona Kibadeni mdogo. Siku moja tulicheza na Msata, na hadi mapumziko tulikuwa nyuma kwa mabao matatu. Golikipa wangu alikuwa kijana wa miaka kumi na sita. Bao la tatu lilimpita katikati ya miguu. Nilimvua glavu mbele ya watu wote, nikamwambia mpira haumfai, aende nyumbani akamsaidie mama yake kuchota maji. Alikwenda. Hakurudi uwanjani tena. Msata wakatufunga matano.

Nilijitetea kwa miaka mingi kwamba ukali ndio malezi. Kisha ikaja Jumapili ya tarehe 20 Oktoba 2013. Kibadeni alikuwa amerudi kuifundisha Simba, akiwa mtu mzima wa miaka sitini na zaidi. Hadi mapumziko Yanga walikuwa mbele 3-0, mabao ya Mrisho Ngassa na Hamis Kiiza, aliyefunga mawili. Mtu aliyewafunga Yanga matatu ujanani sasa alikuwa amefungwa matatu uzeeni. Nilitaka kuzima redio kama mjomba.

Sikuizima. Kipindi cha pili vijana wale wale waliochekwa walisimama: Betram Mombeki, Joseph Owino, Gilbert Kaze, kila mmoja bao lake. Mpira ukaisha 3-3. Sijui mzee yule aliwaambia nini chumbani, ila najua kwamba hakuwarudisha nyumbani. Hata hivyo, kabla mwaka huo haujaisha Simba ilikuwa na kocha mwingine. Ndiyo malipo ya kazi ile.

Usiku ule sikulala vizuri. Kesho yake nilikwenda kwenye machimbo ya kokoto, ambako yule golikipa wangu alikuwa akifanya kazi. Alikuwa mtu mzima sasa, mwenye watoto wawili. Aliweka nyundo chini, akaniamkia, "Shikamoo mwalimu." Nilipata shida kuitikia. Nikamwomba radhi, nikataja siku yenyewe, kwa maana nilidhani amesahau.

"Bao lile lilikuwa kosa langu kweli, mwalimu," akasema. "Lakini kipindi cha pili kilikuwa bado."

Sikuwa na la kujibu. Tulikaa juu ya mawe, tukazungumza habari za mvua. Nilipoinuka kuondoka aliniuliza kama bado ninafundisha watoto mpira jioni. Nikamwambia ndiyo. Juma lililofuata alimleta mwanawe. Mtoto alitaka kukaa golini.