Gari la michezo la magurudumu ya nyuma mjini Kampala: kununua, kubadilisha na kuendesha wakati wa mvua

KAMPALA – Soko la magari ya zamani ya michezo mjini hapa limebadilika tangu mwaka 2018, Uganda ilipofanya marekebisho ya Sheria ya Usafiri na Usalama Barabarani ya mwaka 1998. Kwa mujibu wa marekebisho hayo, gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi tangu lilipotengenezwa haliruhusiwi kuingizwa nchini.

Maana yake ni kwamba magari mengi yanayotafutwa na wapenzi wa aina hii hayawezi tena kuagizwa Japani. Yaliyopo ni yale yaliyokwishaingia na kusajiliwa. Hivyo mnunuzi anayelipa mamilioni ya shilingi analipia zaidi bodi nzima na karatasi safi kuliko nguvu ya injini. Injini hununuliwa tena. Chasisi yenye usajili halali haipatikani kirahisi.

Magari yanayohusika

Katika gari la aina hii injini hukaa mbele, nguvu hupita kwenye propela hadi difu, na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Ndivyo lilivyo lori pia, na ndiyo sababu dereva wa mizigo huelewa tabia zake haraka kuliko aliyezoea gari dogo linalovutwa na magurudumu ya mbele.

Magari ya mfumo huu yanayojulikana zaidi ni Toyota Altezza, lililotengenezwa kati ya 1998 na 2005, Toyota Mark II na Chaser, pamoja na Nissan Silvia. Altezza la mwisho kabisa, la 2005, lilifikisha miaka 15 mwaka 2020.

Lenye heshima kubwa katika historia ya Afrika Mashariki ni Datsun 240Z, lenye silinda 6 na injini ya lita 2.4. Gari hilo lilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala. Mashindano hayo, ambayo kwa miaka mingi yalipita Kenya, Uganda na Tanzania, yalifanyika wakati wa Pasaka, matope yakiwa mengi. Mehta alishinda Safari mara 5 kabla ya kustaafu.

Umri na kodi

Kabla ya kuagiza gari, hesabu ni rahisi: chukua mwaka wa kutengenezwa, ongeza 15. Toyota 86, lililoanza kuuzwa 2012, huingia kwenye katazo kuanzia 2027. Nissan Fairlady la aina ya 350Z, lililoanza 2002, limekwishapitwa na muda. Kinachoangaliwa ni mwaka wa kutengenezwa, siyo mwaka wa kusajiliwa mara ya kwanza Japani. Miaka hiyo miwili huweza kutofautiana, na mnunuzi asiyeuliza huweza kukuta gari lake limezuiliwa.

Gari linalokubalika hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, kodi ya zuio ya asilimia 6 na tozo ya miundombinu ya asilimia 1.5. Aidha, kwa utaratibu ulioanza 2018, gari dogo lenye umri wa miaka 9 na kuendelea hulipa tozo ya mazingira ya asilimia 50 ya thamani. Kwa gari lililothaminiwa shilingi milioni 20, tozo hiyo peke yake ni shilingi milioni 10. Lenye miaka 8 au chini halilipi tozo hiyo.

Mamlaka ya Mapato Uganda (URA) hutumia orodha yake ya thamani kwa magari yaliyotumika. Bei ndogo iliyoandikwa kwenye ankara ya muuzaji haipunguzi kodi. Viwango huweza kubadilishwa katika bajeti ya kila Juni, kwa hiyo wakala wa forodha aulizwe kabla ya fedha kutumwa.

Kuhusu usafirishaji, magari mengi huendeshwa kutoka Mombasa hadi Kampala kupitia Malaba au Busia, safari ya zaidi ya kilometa 1,100. Gari la michezo lililo chini halifai kwa utaratibu huo. Gharama ya kulibeba juu ya lori huwa ndogo kuliko bei ya sailensa, rimu na bampa za mbele.

Ukaguzi kabla ya kulipa

Namba ya chasisi iliyogongwa kwenye bodi, namba ya injini na zile za kitabu cha gari zilingane herufi kwa herufi. Gari lililobadilishwa injini bila kuarifu mamlaka ya usajili humletea matatizo mmiliki mpya, siyo aliyeuza. Polisi waulizwe pia kama gari haliko kwenye orodha ya yaliyoibwa. Mwaka 2015 magari ya kifahari yaliyoibwa Uingereza yalikutwa Uganda.

Baada ya karatasi ni kutu. Gari liinuliwe, zulia lifunuliwe, na fundi aguse kwa bisibisi sakafu, kingo za chini ya milango na sehemu zinazoshika springi. Rangi mpya inayong'aa isimzuie mtu kufanya hivyo. Kwa 240Z kutu ndiyo adui mkubwa, kwa kuwa bodi yenyewe ndiyo inayobeba uzito wote.

Kubadilisha gari

Spea za kawaida hutafutwa Kisekka, na kazi za vyuma hufanyika Katwe na Ndeeba. Vitu vya kuanza navyo ni breki, hosi za maji, rejeta, mipira ya shokomzoba na tairi. Nguvu ya injini ifuate baadaye.

Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, hivyo injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu, na kabureta iliyopangwa pwani humwaga petroli nyingi kupita kiasi. Kuirekebisha ni kazi ya bei ndogo inayoleta faida mara moja.

Mtindo unaopendwa ni kushusha gari chini. Hata hivyo magari yaliyoshinda Safari yaliimarishwa springi na kuwekewa vyuma vya kulinda sehemu za chini. Kwa matuta na mashimo ya mji huu, mfano huo ni bora. Kuchomelea difu ili magurudumu yote ya nyuma yazunguke pamoja, kama wafanyavyo wanaotelezesha magari kwa mchezo, ni hatari kwa gari la barabarani, hasa kwenye kona yenye maji.

Kila sehemu ya asili inayotolewa ihifadhiwe. Mnunuzi wa baadaye hulipa zaidi kwa gari linaloweza kurudishwa lilivyotoka kiwandani.

Kuendesha wakati wa mvua

Mvua kubwa hunyesha Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba. Dereva wa tipa anajua kwamba gari tupu huteleza kuliko lililobeba, kwa sababu ekseli inayosukuma haina uzito. Gari la michezo lina injini nzito mbele na nyuma nyepesi; linafanana na tipa tupu.

Mambo ya kuzingatia ni haya:

– Tairi zote 4 ziwe za aina moja, na kashata isipungue milimeta 3. Tarakimu 4 za ubavuni huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa. Tairi iliyokaa miaka mingi hukauka hata kama kashata ipo.

– Breki ishikwe kabla ya kona, siyo ndani yake. Mafuta yaongezwe taratibu usukani ukiwa umenyooka.

– Mkia ukianza kwenda kushoto, usukani uelekezwe kushoto. Mguu ulegezwe taratibu kwenye mafuta na breki isikanyagwe kwa nguvu.

– Dakika za kwanza za mvua huwa mbaya zaidi, kwa kuwa vumbi na mafuta barabarani huwa hayajaoshwa. Kwenye barabara ya udongo mwekundu, ni bora kusubiri.

– Maeneo yanayofurika kama Bwaise yaepukwe. Maji yakiingia kwenye injini kupitia kichujio cha hewa, hasara huweza kuzidi bei ya injini nyingine.

Kuvuka mpaka

Anayekwenda Kenya kwa maonyesho au mbio anahitaji kibali cha muda cha forodha, kitabu cha gari chenye jina lake na kadi ya njano ya bima ya COMESA. Kuuza huko ni suala jingine: Kenya haipokei magari yaliyotumika yenye umri unaozidi miaka 8.

Kwa sababu hiyo gari la zamani lililosajiliwa Kampala soko lake kuu ni Kampala yenyewe, na anayelinunua leo aangalie kwanza kama kitabu na chasisi vitamridhisha mnunuzi wa kesho.