Nani Atapanda Juu ya Paa?

Shangazi yangu anakaa Kiponda, Mji Mkongwe, ghorofa ya pili ya nyumba ambayo watalii huupiga picha mlango wake bila kujua kwamba juu kuna mtu anakaanga samaki. Kila masika yakikaribia, humwita kijana wa mtaani apande juu ya paa azibue mifereji. Amefanya hivyo zaidi ya miaka 30. Nyumba si yake, hana cheo kokote, na sijawahi kusikia mtu akimwita mhifadhi.

Nilianza kumfikiria shangazi kwa namna hiyo tarehe 25 Desemba 2020. Nilikuwa bado chuo, Dar, tunajiandaa kula pilau la Krismasi kwa jirani, mara simu zikajaa picha za vumbi. Sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib ilikuwa imeanguka. Jumba la Sultan Barghash, la mwaka 1883, lililokuwa katikati ya ukarabati uliogharamiwa na Oman, lilishuka na kuua watu wawili waliokuwa kazini. Tangu kipande chake kilipoanguka mwaka 2012 lilikuwa limefungwa kwa umma. Nikajiuliza swali la kitoto: inakuwaje jumba maarufu kuliko yote linaanguka, na nyumba ya shangazi yenye viraka vya kila rangi bado imesimama?

Najua, jumba lile ni kubwa na mzigo wake ni mwingine, mafundi watanicheka. Lakini hebu tuangalie nyumba hizi zinavyokufa. Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na sakafu zake zimebebwa na boriti za mikoko. Boriti ndiyo iliyoamua upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vya kule ni virefu na vyembamba. Adui mkubwa wa nyumba ya namna hii ni maji. Paa likivuja, maji huingia ukutani na kuozesha vichwa vya boriti pale vilipochomekwa. Kwa nje huoni kitu. Siku boriti ikikatika, sakafu inashuka na kuvuta ukuta. Ukipiga plasta ya saruji juu ya ukuta wa chokaa ndiyo umemaliza kabisa, maana unyevu unakosa pa kutokea.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya uhifadhi ni ya ndoo na ngazi, na anayeweza kuifanya ni yule anayelala chini ya lile paa. Sasa nani analala pale? Hapo ndipo historia inapokuwa chungu kidogo.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, wenye nyumba wengi, Waarabu na Wahindi, walikimbia au waliondolewa, na nyumba nyingi zikataifishwa. Zikaingia familia kutoka Ng'ambo, mashamba na Pemba. Mama mkwe wa shangazi alikuwa mmoja wao. Alifika na mikeka miwili na watoto wanne. Nyumba iliyojengwa kwa familia moja ikagawanywa vyumba vya familia kadhaa. Ngazi na paa vikawa vya wote, maana yake si vya mtu. Wakati huohuo nguvu za serikali zilikuwa upande wa pili wa mji, kwenye majengo marefu ya Michenzani yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Mji Mkongwe ulikuwa alama ya utawala uliopinduliwa. Nani angeuonea huruma?

Huruma ilikuja baadaye, na ilikuja na wataalamu. Mwaka 1985 ikaundwa Mamlaka ya Mji Mkongwe. Mwaka 1994 ukaja mpango mkuu wa uhifadhi uliotayarishwa pamoja na taasisi ya Aga Khan, kazi nzuri kweli, ambayo ilikagua jengo kwa jengo, yapatayo 1,700. Mwaka 2000 UNESCO ikauingiza mji kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Na tangu miaka ya 1980 nyumba za serikali zilikuwa zimeanza kuuzwa, nyingine zikageuka hoteli. Kila jiwe lilihesabiwa. Mpangaji alihesabiwa pia, lakini mara nyingi kama sehemu ya tatizo: ni maskini, amejazana, anatumia saruji.

Kweli, shangazi alitumia saruji. Ukuta wa jikoni ulipasuka, akaenda kwenye ofisi inayomiliki nyumba, ambayo sitaitaja hapa. Akaambiwa asubiri. Alisubiri masika mawili. La tatu lilipokaribia akamwita fundi, mifuko miwili ya saruji, kazi kwisha. Wiki hiyohiyo akatokea bwana mmoja na faili kumwambia amevunja sheria.

"Mwanangu," aliniambia, "ukuta ulipopasuka hawakuja. Nilipouziba wakaja."

Sitaki kuwapamba wakazi. Wapo waliouza milango ya nakshi, wapo wanaoongeza ghorofa usiku usiku, na kijana akipata mtu wa kumnunulia nyumba ya babu ili iwe hoteli hafikirii mara mbili. Lakini mtu asiye na hati, asiyejua kama mwakani atakuwa bado pale, unamwambiaje akanunue chokaa, asubiri ikauke polepole, amlipe fundi anayeijua?

Ajabu ni kwamba mfano mzuri upo palepale, ng'ambo ya Darajani. Kati ya 2013 na 2016, idara ya mipango miji ya Zanzibar, pamoja na jiji la Amsterdam na wasanifu majengo wa huko, iliendesha mradi ulioitwa Ng'ambo Tuitakayo. Huko hakuna kasri. Basi wakalazimika kuanza kwa kuwauliza watu: mahali gani hapa pana maana kwenu? Yakatoka mambo ya baraza, viwanja na njia ambayo jicho la mgeni lisingeyaona. Mji wenye makasri ulipimwa kwanza, watu wakaulizwa baadaye. Usio na makasri ulianza na watu. Nimelirudia jambo hili kwa wahariri wangu wawili na wote wameniambia si habari.

Mwezi uliopita nilivuka tena. Shangazi hakuwa na raha. Yule kijana wake wa kupanda amepata kazi hotelini Nungwi, na vijana waliobaki mtaani wanataka hela ambayo hana. Nikavua viatu. Kule juu unaona mabati yenye kutu, matangi ya maji, na nyumba ya tatu kuna hoteli, wageni wanakunywa juisi chini ya miavuli. Mmoja akanipungia mkono. Nilitoa ndoo tatu za majani na kiota kizima cha kunguru.

"Umemaliza?" shangazi akaita kutoka chini. "Angalia na kona ya msikitini, huko ndiko kunakovuja."