Uvimbe wa Titi Unaopona Kisha Ukarudi

Huku Kipatimu tukipima gauni, tepu ikifika kifuani siri hutoka: “Dada, hapa pana uvimbe.”

Mwaka 1972 madaktari Kessler na Wolloch walieleza uvimbe adimu wa titi unaofanana na saratani, lakini si saratani. Huwapata zaidi waliojifungua miaka ya karibuni. Hupona, na kwa wengine hurudi. Watafiti wameangalia sigara, homoni ya maziwa na bakteria ili wajue utamrudia nani. Majibu yao bado hayalingani.

Basi tusikisie. Kipande kidogo kipimwe maabara, maana hata kifua kikuu hufanana nao. Ukipona, usiache kliniki. Mwili ni amana, shosti.