Makanisa ya Kale na Mstari wa Mwaka 1863

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ilichora mstari katika historia ya nchi yetu. Jengo lililosimamishwa kabla ya mwaka 1863 hulindwa na sheria yenyewe. Lililojengwa baadaye halina budi kusubiri tangazo la Waziri. Mstari huo huyaacha nje makanisa ya misheni ya Tanzania Bara. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha misheni yao Bagamoyo mwaka 1868, miaka mitano baada ya mlango kufungwa.

Kwa nini jambo hili litushughulishe sote, waumini na wasio waumini? Kwa sababu kanisa la kale ni ghala la kumbukumbu kabla ya kuwa kivutio cha wageni. Chukua mnara uliobaki wa kanisa la kwanza la Bagamoyo, lililojengwa mwaka 1872. Februari 1874 mwili wa David Livingstone uliwekwa hapo kabla ya kuvushwa Zanzibar na kusafirishwa hadi Uingereza, ukazikwe Westminster Abbey. Leo tunauita Mnara wa Livingstone. Jina hilo lina walakini. Livingstone hakuwahi kuingia humo akiwa hai. Alifikishwa na Waafrika waliouhifadhi mwili wake kwa chumvi na jua, wakauzika moyo wake chini ya mti katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, kisha wakautembeza mwili kwa miezi mingi hadi pwani. Abdullah Susi, James Chuma na Jacob Wainwright walikuwa miongoni mwao. Walibeba mzigo wa historia, lakini mnara haukubeba majina yao.

Hazina kubwa zaidi, hata hivyo, ni ya karatasi. Kwa desturi ya Kanisa, kila parokia hutunza vitabu vya ubatizo, ndoa na vifo. Katika misheni iliyojengwa kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, kitabu cha namna hiyo si rejista ya kawaida. Katika hesabu za mfanyabiashara, mtumwa alikuwa idadi na bei. Katika kitabu cha parokia alikuwa na jina, mke au mume, na mtoto. Huenda huo ndio ushahidi pekee wa maandishi kwamba aliwahi kuishi.

Tusiipambe historia hiyo kupita kiasi. Waliokombolewa walifundishwa dini, kusoma na kazi za mikono. Pia walilima mashamba ya misheni, na walipooana walikaa katika kijiji cha Kikristo chini ya uangalizi wa mapadri. Jina jipya la ubatizo lilimtambulisha mtu na papo hapo likalifunika jina alilopewa na mama yake. Ukombozi ulikuwa na masharti yake. Lakini hata ukosoaji huo hauwezekani bila nyaraka: mchwa akila daftari, anakula utetezi na mashtaka kwa pamoja.

Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu katika orodha ya awali ya UNESCO, na Bagamoyo ni mlango wa njia hiyo. Ni ajabu kuuomba ulimwengu utambue kile ambacho sheria yetu wenyewe inakiona kuwa kichanga mno kulindwa.

Mtumishi wa umma anaweza kuanzisha mjadala wa kuubadili mwaka huo, ili umri wa jengo uhesabiwe kwa miaka inayosonga, si kwa tarehe iliyoganda. Mwanafunzi wa historia anaweza kwenda parokiani kwa ruhusa ya paroko na kunakili daftari lililochakaa. Mwanaharakati anaweza kudai kibao kimoja tu kwenye ule mnara, chenye majina ya waliobeba.