Koo Mwenye Tumbo Lililojaa: Uuguzi wa Kuku katika Uwanda wa Ruzizi

Katika maandishi yaliyokusanywa juu ya uwanda wa Ruzizi, tangu Burton na Speke walipofika Uvira kwa mitumbwi mwezi wa Aprili 1858 wakitaka kujua kama mto ule huingia Ziwa Tanganyika au hutoka humo, hata zama zetu hizi za madaftari ya serikali na mashirika, msomaji atakuta habari za pembe na za watumwa, za chumvi ya Uvinza iliyovushwa ziwa, za ng'ombe na sotoka iliyowafagia, kisha za pamba, mpunga na miwa. Na kuku naye yumo, maana ni nadra msafiri aliyepita pande zile asimle. Kuku mgonjwa ndiye asiyeonekana. Na katika kuku wagonjwa, aliye mbali zaidi na kalamu ni yule koo mmoja ambaye tumbo limemjaa, akawa anakwenda miguu imetanuka kama bata aliyeshiba, anasimama kivulini akihema, naye hafi leo wala kesho.

Sababu yake si ngumu kuibaini. Maradhi yaliyobahatika kupata waandishi katika nchi zetu ni yale yauayo kwa jumla na kuitia serikali hasara. Wadachi walijenga maabara ya mifugo Mpwapwa mwaka 1905, Waingereza wakafuata na yao Kabete mwaka 1910, na nyumba zote mbili zilisimamishwa kwa ajili ya ng'ombe. Kuku alingoja mpaka ulipotokea ugonjwa ulioweza kumaliza banda zima kwa juma moja: ule ambao jirani zetu wa Tanzania huuita kideri au mdondo, uliotambuliwa Java mwaka 1926 na Uingereza mwaka uliofuata, karibu na mji wa Newcastle ambao jina lake umelibeba hata leo, na ulioandikwa Kenya mwaka 1935. Hapo ndipo wataalamu walipomkumbuka kuku. Tumbo kujaa ni maradhi ya kuku mmoja mmoja, huja polepole, na hasara yake haimfikii mtoza kodi. Basi likaachiwa mwenye kuku, naye mara nyingi ni mwanamke, na elimu yake ikakaa vidoleni isipate kuingia kitabuni.

Tuchukue mfano wa Bwegera, kijiji cha njiani cha uwanda huu, kati ya Luberizi na Luvungi, katika barabara ishukayo kutoka Bukavu kwenda Uvira. Nchi ni tambarare, yenye joto, milima ya Wafuliru imeinuka upande wa magharibi, na Burundi iko ng'ambo ya mto. Kijiji cha namna hii kina historia yake mahsusi ya kuku, nayo ni historia ya wapita njia. Misafara ya Waungwana waliotoka Ujiji ilinunua kuku kwa shanga na vitambaa. Askari wa Dola Huru ya Kongo, ambayo desturi yake mashuhuri ilikuwa kuvitoza vijiji posho kwa ajili ya vituo vyake, walidai kuku bila shanga wala kitambaa. Baadaye wakaja mabwana wa pamba, kisha madereva wa malori ya Costermansville, ndiyo Bukavu ya leo, na wachuuzi wa matenga waliokwenda kuuza Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, kwa watu wa mtaa wa Buyenzi. Kila mmoja wa hao alimchukua kuku angali na nguvu. Hapa pana jambo ambalo mtu asiyefuga aweza kulipita bila kuliona: maradhi ya tumbo kujaa, kwa sehemu kubwa, ni maradhi ya kuku aliyejaaliwa umri, na kuku wa kando ya njia hakujaaliwa umri. Tembe alikuwa akitaga makundi mawili matatu kwa mwaka, kila kundi mayai kumi na kitu, akaatamia, akalea, na kabla ya mwaka wake wa tatu alikwisha kuwa kitoweo cha mgeni, au sehemu ya mahari, au mzigo wa mpagazi.

Na hata alipofunguliwa tumbo, hakufunguliwa ili ijulikane amekufa kwa nini. Katika nchi jirani ya Rwanda palikuwa na waganga wa ramli ambao kazi yao ilikuwa kusoma matumbo ya vifaranga: kifaranga kilitiwa mate ya mwenye shauri, kikachinjwa, na kilichoonekana ndani kikafasiriwa kuwa habari ya vita, ya mavuno au ya ugonjwa wa mtu. Wale walikuwa wajuzi wa ini na utumbo wa kuku kuliko tabibu yeyote wa zama zao, lakini jicho lao lilipita ndani ya kuku likitafuta mambo ya binadamu. Hali ilikuwa iyo hiyo kwa wanazuoni wa mbali. Musa bin Maimun, tabibu wa Misri wa karne ya 12, aliusifu mchuzi wa kuku kuwa dawa; ad-Damiri, aliyefariki mwaka 1405, katika kamusi yake kubwa ya wanyama alieleza hukumu za kuku, manufaa yake na tafsiri ya kumwota. Mrumi Columella peke yake, katika hawa niwajuao, alijishughulisha na kuku anayeumwa, akaagiza apewe kitunguu saumu kwa mafuta. Naye alikuwa akitibu kidonda cha ulimi, wala hakulitazama tumbo.

Basi ni nini kinachojaa? Hapa yafaa tutue, kwa sababu jina ni moja na mambo ni mengi. Kuku jike huumbwa na ovari mbili, lakini ya kushoto peke yake ndiyo ikuayo. Kiini kikiiva hudondoka, hudakwa na mdomo wa mrija wa mayai, na kwa muda wa saa 25 hivi huvikwa ute na ngozi, kisha ganda, ambalo peke yake huchukua kiasi cha saa 20. Pengine kiini hukosa mrija kikaangukia tumboni. Kikiwa kimoja, mwili hukinyonya na mambo yakaisha. Vikifuatana, na vijidudu vikipanda kutoka njia ya yai, tumbo huvimba kwa ndani, na ukimpasua kuku huyo utaona vipande vya kiini vilivyoganda kana kwamba vimechemshwa. Hiyo ni namna moja. Namna ya pili ni maji hasa, yaliyo safi, ya rangi ya majani makavu, yatokayo kwa ini lililoharibika au kwa moyo ulioshindwa kusukuma damu. Ya tatu ni uvimbe wa saratani, na ajabu ni kwamba kuku ni mmoja wa wanyama wachache ambao hupata saratani ya ovari wenyewe, bila kutiwa na mtu, hata wataalamu wa maradhi ya wanawake wakamchagua kuwa kielelezo cha kujifunzia. Ya nne ni yai lililokwama. Ya tano ni mafuta matupu, ambayo si maradhi mpaka yazidi.

Vidole vya mlezi aliyezoea hupambanua mengi katika hayo. Kuku hushikwa jioni akiisha kupanda kulala, hupakatwa akiwa wima, na mkono hupita chini ya tumbo na kati ya ile mifupa miwili myembamba iliyo karibu na njia ya yai. Kwa koo atagaye, vidole viwili au vitatu hupenya katikati yake. Tumbo la maji huyumba chini ya kiganja mithili ya kiriba. Yai lililokwama hushikika kama yai. Uvimbe ni mgumu, una mabonge, wala hausogei. Undu ukiwa wa zambarau, moyo una shida. Ukiwa mweupe, damu imepungua. Tena asilazwe chali: ndege hana kiwambo cha kutenga kifua na tumbo, naye huvuta pumzi kwa mifuko ya hewa iliyoenea hadi tumboni, kwa hiyo maji yakiigandamiza akiwa chali aweza kufa mkononi mwa amtibuye. Ndiyo maana kuku huyu huhema hata asubuhi yenye baridi.

Mabadiliko makubwa katika historia ya maradhi haya yalikuja na kuku wa Kizungu. Wabelgiji, kama Waingereza na wamisheni wa kila madhehebu, walieneza majogoo na matembe ya kigeni kwa nia ya kuongeza mayai, na aliyejulikana zaidi alikuwa yule mwekundu wa Marekani, Rhode Island Red. Kituo cha utafiti cha Lubarika, kilicho katika uwanda huu wenyewe, kilishughulika zaidi na mimea, hasa pamba. Hata hivyo fikra ya zama zile, kwamba kila kiumbe chaweza kuzalishwa mpaka kizidi kiasi chake, ilikuwa ni moja kwa mmea na kwa mnyama. Kuku wa kienyeji hutaga mayai 40 hadi 60 kwa mwaka. Kuku wa kisasa wa mayai hupita 300. Yule wa kwanza, akiatamia na kulea, ovari yake hupumzika. Huyu wa pili alinyimwa hamu ya kuatamia kwa uzazi wa kuchaguliwa, na ovari yake haipumziki. Sioni shaka kwamba tumbo la viini lililokuwa nadra kwa bibi zetu limekuwa la kawaida katika mabanda ya leo kwa sababu hii kuliko nyingine yoyote, na wale wanaolaumu hewa na dunia kuharibika wanatafuta mbali kilicho karibu.

Chakula nacho kilibadilika. Amri ya mwaka 1917 iliwafunga wakulima wa Kongo kulima mazao ya lazima kwa siku zisizozidi 60 kwa mwaka, na katika uwanda wa Ruzizi zao hilo lilikuwa pamba. Mbegu ya pamba ina sumu iitwayo gosipoli, ambayo huligeuza yai, kiini kikawa cha kijani kibovu, na ikizidi huharibu moyo na ini. Basi mwenye kumpa kuku mashudu ya pamba na awe na kiasi. Mwaka 1960 batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa mashudu ya karanga yaliyoota ukungu, na ikajulikana baadaye kuwa ukungu ule hutoa sumu ya aflatoksini, ambayo shabaha yake ni ini. Mahindi na karanga zilizonyeshewa, ambazo mwenye nyumba hazili na huona ni israfu kuzitupa, huishia kwa kuku. Hata chumvi imo katika shauri hili: ilipokuwa bidhaa ya kuvushwa ziwa hakuna aliyemtilia kuku, ila sasa mabaki ya ndakala waliotiwa chumvi na maji ya jikoni humwagwa uani, na chumvi ikizidi hujaza maji tumboni, hasa kwa vifaranga.

Juu ya dawa, miti ni ile ile ya watu: mubirizi, muravumba, msubili, pilipili ya kichaa katika maji ya kunywa. Siidharau; majani machungu huenda yakamfaa kuku mwenye minyoo au asiyetaka kula. Lakini sikuona jani liondoalo maji yaliyokwisha kujaa, na adhaniye hivyo aghalabu alikuwa na koo mwenye yai lililokwama, likatoka lenyewe. Yai lililokwama lina uuguzi wa kweli: kuku hukalishwa katika maji ya vuguvugu yaliyofika tumboni kwa muda wa robo saa na zaidi kidogo, njia ya yai ikapakwa mafuta, na ziwani kwetu mawese hayakosekani, kisha akawekwa mahali pa giza na ukimya, asikamuliwe kwa nguvu, kwa kuwa yai likivunjika ndani huzaa msiba mwingine. Maganda ya mayai yaliyochomwa na kusagwa, yakichanganywa na pumba za mpunga, humrudishia chokaa aliyoitumia.

Tumbo la maji, daktari wa mifugo huweza kulichoma kwa sindano na kuyapunguza polepole, asiyamalize kwa mara moja, kwa maana mwili uliozoea mgandamizo ukiachiwa ghafula huzimia. Kuku hupumua, hula, hutembea. Na baada ya siku au majuma maji hurudi, kwani kilichoyaleta hakikuguswa. Ada ya daktari, pamoja na nauli ya kumfikia, huzidi bei ya kuku, na hapo ndipo watu wengi hukata shauri kwenda sokoni kununua vidonge vya tetrasaiklini, ambavyo havina kazi na maji ya ini wala na saratani, na ambavyo huyafanya mayai yasifae kuliwa kwa muda.

Na bado watu huuguza. Vita vya 1964, vilivyoanzia pande hizi hizi, na vile vya 1996, ambavyo mwezi wa Oktoba hospitali ya Lemera ilishambuliwa na Uvira ikatekwa, viliwafundisha watu wa uwanda kuwa kuku ndiye wa kwanza kuliwa na askari na ndiye wa kwanza kurudi uani amani ikitulia kidogo. Ng'ombe huchukua miaka, koo mmoja na jogoo wa kuazima huchukua miezi. Aliyeanza upya kwa koo mmoja hawezi kumhesabu kwa bei ya soko. Nimesikia watu wa mjini wakicheka habari ya kumkanda kuku kwa maji moto, nao hawajapata kuanza chochote kwa kuku mmoja.

Inapodhihiri kuwa hatapona, hukumu yake iko wazi kwa Waislamu wa Uvira na wa kando ya ziwa: achinjwe angali na uhai, kwa sababu akitangulia kufa ni kibudu. Kuhalalika huko hakumfanyi kuwa chakula kizuri. Tumbo lenye usaha, harufu au viini vilivyooza huzikwa pamoja na nyama yake, mbali na mbwa. Lakini kabla ya kuzika yapasa kutazama. Viini vilivyoganda, huyo alikuwa na msiba wake peke yake. Mabonge ya saratani, watazamwe ndugu zake wa banda moja, kwa sababu ziko saratani za kuku ziletwazo na virusi, kama ule ugonjwa uitwao kwa jina la Marek, aliyeanza kuueleza kule Hungaria mwaka 1907. Ini likiwa limekunjamana au limepauka, na maji ni safi, basi gunia la mahindi lifunguliwe siku hiyo hiyo na kunuswa.